Loki na bakuli lake: kisa cha mungu aliyepewa volkano isiyo yake

Juzi usiku nilikuwa nazubaa kwenye ramani ya Io, ule mwezi wa Mshtarii (Jupita, kama umezoea hivyo) wenye volkano kila kona, naikuza naisogeza huku na kule bila kutafuta chochote cha maana, mara nakutana na jina Mulungu. Nikafuta miwani. Mulungu Patera, imeandikwa kabisa. Nikaendelea kuizungusha nikamkuta Shango wa Wayoruba, nikamkuta Nyambe, halafu Ruwa, Ruwa huyuhuyu wa Wachaga. Hapo usingizi ukaisha, nikaanza kufuatilia nani kawapeleka huko, na nilivyozidi kufuatilia nikaona kisa chenyewe cha kuchambua sio cha hawa wa kwetu, ni cha mwenzao mmoja wa kaskazini ya Ulaya anaitwa Loki. Huyu ndo kapewa volkano inayosemwa kuliko zote pale Io, na kwa hesabu zangu hakutakiwa kuwepo pale hata kidogo. Ngoja nieleze.

Kwanza mwezi wenyewe. Galileo aliuona Januari 1610 pamoja na wenzake watatu, lakini jina si lake, limetoka kwa Mjerumani Simon Marius ambae kwenye kitabu chake cha 1614 alipendekeza miezi ile minne ipewe majina ya wapenzi wa Jupita, wazo ambalo mwenyewe alisema kapewa na Kepler. Watu wala hawakulijali, kwa karne tatu hivi wanaastronomia waliandika tu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, basi. Io kwenye hadithi za Wagiriki ni kuhani wa Hera, mke wa Zeus (ndo huyohuyo Jupita wa Warumi), Zeus akampenda, na ili mke asijue akamgeuza mtamba. Mke akajua. Akamtumia inzi wa kumuuma, binti wa watu akatimua mbio nchi hadi nchi akiwa ng'ombe vilevile mpaka akatokea Misri, ndo huko akarudishiwa umbo lake na akajifungua. Nayataja haya kwa sababu milima na nyanda kadhaa za Io zimeitwa kufuata safari hiyo, kuna Nile Montes, kuna Ethiopia Planum, na kuna Boösaule, jina la pango alikojifungulia, mlima wenye urefu wa kama kilomita 17 na nusu, yaani Kilimanjaro tatu umezipandanisha, na hapo Io yenyewe kipenyo chake ni kilomita 3,640 tu, kubwa kidogo kuliko mwezi wetu.

Volkano zina utaratibu wake tofauti, na ulipatikana kwa mwendo wa haraka mwaka 1979.

Tarehe 2 Machi mwaka huo jarida la Science likatoa makala ya Stanton Peale na wenzake wawili, Cassen na Reynolds. Walichosema ni kwamba Io inazunguka Mshtarii mara nne wakati jirani zake Europa na Ganymede, miezi miwili kati ya ile minne, wanazunguka mara mbili na mara moja, kwa hiyo wale wawili wanaivuta kwa zamu, njia yake haipati kuwa duara kamili, inasogea karibu na Mshtarii inarudi mbali, inakandwa na kuachiwa kama unga wa chapati, na ule msuguano wa ndani unatosha kuyeyusha mwamba. Siku tatu baadae, tarehe 5, chombo cha NASA kinachoitwa Voyager 1 kikapita pale. Hiyo ni bahati ambayo mwanasayansi anaipata mara moja kwenye maisha yake, na wengi hawaipati kabisa.

Lakini picha yenyewe ilikuja tarehe 8. Voyager ilishapita, iko kilomita milioni 4 na nusu mbele, ikageuza kamera nyuma. Picha hiyo haikuwa ya kuangalia volkano, ilikuwa ya mahesabu ya njia tu: unaacha kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu ili nyota hafifu zitokee, unalinganisha na mwezi ulipo, unajua chombo kiko wapi. Linda Morabito, injinia wa urambazaji wa JPL, maabara ya NASA pale Pasadena, Marekani, miaka 25 tu, anaongeza mwanga kwenye skrini akitafuta nyota, na ubavuni mwa Io anaona kitu kikubwa kama mwezi mwingine unachungulia kwa nyuma. Mwezi wa ukubwa ule haupo, ungekuwepo ungeshajulikana zamani. Wakaanza kuondoa sababu moja moja, kasoro ya kamera hapana, mwezi mwingine hapana, mpaka ikabaki ile ambayo hakuna mtu alikuwa ameshawahi kuiona nje ya dunia: wingu la volkano inayolipuka muda huohuo, limerushwa karibu kilomita 300 juu. Na kwenye picha ileile, pale mchana wa Io unapogusana na usiku, kuna doa linang'aa peke yake huku ardhi iliyo chini yake ingali gizani. Wingu la pili. Limeinuka juu mpaka jua likalipata kabla ya ardhi yake.

La kwanza leo linaitwa Pele. La pili ndo Loki.

Mwanzoni yalikuwa na namba tu, 1 hadi 8, halafu ndani ya mwaka huohuo wa 1979 majina yakapitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ambao ndo wenye neno la mwisho kwenye mambo haya. Kanuni waliyoweka ni kwamba volkano za Io zichukue majina ya miungu ya moto, jua, radi na volkano, pamoja na wahunzi wa hadithini, kutoka kwa watu wowote wa dunia. Pele ni wa Hawaii, Prometheus ni wa Wagiriki, Amirani wa Georgia, Maui wa visiwa vya Pasifiki, Marduk wa Babeli, Volund ni mhunzi wa kaskazini. Mi naipenda hiyo kanuni, nisieleweke vibaya, maana kabla ya hapo anga lilikuwa kama mali ya Wagiriki na Warumi peke yao.

(Kitu kimoja cha pembeni ambacho sijui kama waliotunga orodha walikiona: Prometheus alifungwa kwenye mwamba wa Kaukazi, Amirani naye kafungwa hukohuko Kaukazi, Volund alikatwa mishipa ya miguu na mfalme akawekwa kisiwani afue vito, na Loki kafungwa pia, tutafika. Yaani mwezi umepewa jina la binti anayekimbizwa halafu umejazwa wafungwa.)

Sasa kasheshe. Loki ni mungu wa moto?

Ukisoma maandishi ya kale yenyewe, yale ya Iceland, huo moto huuoni. Loki ni mjanja, mchonganishi, anabadilika umbo, leo samaki kesho jike la farasi, anawaingiza miungu wenzake matatani halafu anawatoa, akichoka kuwatoa anawamaliza. Akili ya Sungura wa hadithi zetu ukiipa roho mbaya, ndo huyo. Moto umeingiaje? Umeingia kwa herufi. Kwenye lugha yao ya kale kuna neno logi, maana yake mwali wa moto. Loki, Logi. Karne ya 19 wasomi wa Ujerumani, wa mbele kabisa akiwa Jacob Grimm kwenye kitabu chake cha 1835, wakayaunganisha hayo mawili, wakasema huyu Loki asili yake ni moto. Mtunzi wa muziki Wagner akalibeba wazo hilo akamweka kwenye opera yake kwa jina la Loge, pepo la moto kabisa, ikachezwa München 1869, na toka hapo ukifungua kamusi nyingi za miungu unamkuta: Loki, moto. Wasomi wa karne ya 20 wengi wakaja kulikataa, ila kamusi zilishachapwa.

Na kinachochekesha ni kwamba hadithi yenyewe ilishajibu hili swali. Snorri Sturluson, Mwaisland wa karne ya 13, anasimulia kwamba Loki na mungu mwenzake Thor walifika ugenini kwenye ngome ya mfalme mmoja wa majitu, wakaambiwa humu hakai mtu asiye na ufundi wake. Loki akajigamba hakuna wa kumshinda kula. Likaletwa hori refu limejaa nyama, Loki akakaa upande mmoja, upande wa pili akakaa jamaa wa mule ndani anaitwa, haya sema mwenyewe, Logi. Wakaanza. Wanafakamia wanasogeleana, wakakutana katikati sawasawa, ila ukiangalia Loki kamaliza nyama kaacha mifupa, Logi kamaliza nyama na mifupa na hori lenyewe. Kesho yake wakati wanaondoka mfalme akawaambia ukweli, jamani mlikuwa mnachezewa mazingaombwe, yule Logi alikuwa moto wa nyika. Kwa hiyo aliyeandika hadithi anamweka Loki meza moja na moto, uso kwa uso, na moto unamshinda. Bado wakamwita mungu wa moto!

Kwa haki yake niseme na upande wa pili. Waisland waliita nyota ya Sirius Lokabrenna, kama vile kuungua kwa Loki, kwa hiyo sio kwamba jina lake halijawahi kukaa karibu na joto. Lakini nyota moja haimfanyi mtu mungu wa moto. Na kama shida ilikuwa kupata mtu wa moto kutoka kaskazini, alikuwepo wa uhakika, Surt, jitu lenye upanga wa moto litakaloichoma dunia siku ya mwisho, hata kile kisiwa kilichozaliwa na volkano baharini karibu na Iceland mwaka 1963 wenyewe walikiita Surtsey, kisiwa cha Surt. Na Io kapewa sehemu yake, Surt yupo, tena Februari 2001 akalipuka mlipuko ambao kwa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa kwenye mfumo wetu wa jua. Huyo ndo wa moto. Loki alikuwa wa nini pale?

Mi kosa naliona kwenye fomu yenyewe. Kanuni ya Io inamuuliza kila mungu swali moja tu, kazi yako nini, na majibu yanayokubalika ni matano: moto, jua, radi, volkano, uhunzi. Mungu mwenye kazi moja anajibu anapita. Pele hana tatizo, nyumba yake ni Kilauea, hata mtoto wa Hawaii anajua. Ila wengine ili wapite inabidi wapunguzwe. Mchukue Ruwa. Kwa Kichaga neno hilo ni jua na neno hilohilo ni Mungu (kuna wanaosema Iruva, inategemea mtu katokea upande gani wa mlima), lakini mzee aliyekuwa anamuomba Ruwa ampe mvua na watoto hakuwa anaongea na lile duara la juu. Wamasai nao Engai kwao ni Mungu, ni mvua, ni mbingu, na volkano yao pale kaskazini ya Tanzania wakaiita Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Wao hawakuwa na fomu ya kuuliza ni mungu wa idara gani.

Halafu Mulungu. Hili mi ndo limenikaa. Neno letu Mungu ni hilohilo limedondosha l njiani, mulungu, muungu, Mungu, Wayao wanalo, Wagogo wanalo, Wagiriama wanalo, kule Malawi Biblia ya Kichewa Mungu ni Mulungu ukurasa kwa ukurasa. Na kanuni za umoja huohuo wa astronomia zinakataza majina yenye uzito wa kidini! Ipo imeandikwa, majina yenye maana ya kisiasa, kijeshi au kidini hayaruhusiwi, isipokuwa wanasiasa wa kabla ya karne ya 19. Sasa Mulungu Jumapili hii ataombwa na mamilioni, huko Io ni jina kwenye orodha ya hadithi za kale. Silalamiki, kusema kweli nilifurahi kumuona, ila ni wazi aliyemweka alikuwa na kamusi mkononi na hakuwa na Mchewa wala Myao wa kumuuliza. Ndo kilekile kilichompata Loki, tofauti ni kwamba Loki alipewa kazi ya mtu mwingine.

Rudi sasa kwenye volkano yenyewe, maana ndo inakoleza kisa. Loki Patera ni shimo la upana wa kama kilomita 200, Dar mpaka Morogoro, na ndani yake kuna ziwa la lava lenye eneo la kilomita za mraba 21,500 hivi, Rwanda imepunguzwa kidogo tu, halafu katikati kuna kisiwa kikubwa kilichopoa. Ziwa la lava la Nyiragongo pale juu ya Goma, ambalo watu walikuwa wanalipandia mlima kulishangaa, upana wake ulihesabiwa kwa mita. Joto linalotoka kwenye Loki peke yake linakadiriwa kuwa kama asilimia 10 ya joto lote la Io.

Na ina tabia. Miaka ya 1990 watafiti waliona inang'aa na kufifia kwa mpangilio, kila siku 540 hivi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni rahisi ukishawahi kupika uji: uji ukitulia unafanya utando juu, na hapa utando wa lava unapoa, unanenepa, unakuwa mzito kuliko kilicho chini yake, siku ikifika unazama kuanzia ukingoni, lava mpya inaonekana, na ule mstari wa kuzama unatembea ziwani taratibu, kilomita moja mpaka mbili kwa siku, mpaka umalize ziwa zima. Halafu unaanza upya. Watu wakaanza kupanga kalenda zao kwa siku 540, na Loki akaacha! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpangilio ukavurugika, na uliporudi ulikuwa wa siku kama 475. Wapo wanaosema basi jina limemfaa, ni mjanja kweli. Huo ni utani wa rahisi mno, kila makala ya Loki inao, na volkano gani ambayo haijawahi kumdanganya mtu.

Mi kilichonishtua ni kitu kingine. Tarehe 8 Machi 2015, miaka 36 kamili toka ile picha ya Morabito, Europa ilipita mbele ya Io ikitazamwa kutoka duniani, na darubini moja kubwa ya vioo viwili pale Arizona ikawa inapima jinsi Europa inavyoifunika Loki kidogo kidogo, kama pazia linavutwa juu ya ziwa, na kila kipande kinachofunikwa unajua kilikuwa na joto kiasi gani. Matokeo yakatoka 2017. Utando ulikuwa umezama kwa mawimbi mawili yaliyoanza siku tofauti, moja likazunguka kisiwa upande wake na lingine upande wake, yakaenda kukutana kona ya kusini-mashariki. Niliposoma hapo nikaliona hori. Walaji wawili, kila mtu na upande wake, wanakula wanasogeleana.

Na bado kuna neno patera. Limechukuliwa Kilatini, ni bakuli pana lisilo na kina, la kumiminia divai ya matambiko, na wanaastronomia wanalitumia kwa mashimo yote ya aina hiyo, kwa hiyo hakuna aliyemchagulia Loki kwa makusudi. Lakini Loki hadithi yake inaishia kwenye bakuli. Baada ya kusababisha kifo cha mungu mwenzao Balder, miungu walimkamata wakamfunga kwenye mawe pangoni kwa utumbo wa mwanae mwenyewe, juu ya uso wake wakaning'iniza nyoka anayedondosha sumu. Mkewe Sigyn hakumkimbia. Anakaa pembeni kashika bakuli, anakinga matone. Bakuli likijaa anainuka kwenda kulimwaga, na kwa huo muda mfupi sumu inamfikia Loki usoni, anajipinda kwa nguvu kiasi kwamba ardhi inatetemeka. Wakasema hayo ndo matetemeko. Linajaa, linamwagwa, ardhi inajipinda, linaanza kujaa tena. Mtu kafungwa mahali pamoja na kila baada ya muda anakandwa: ukimpa Peale hadithi hii mwaka 1979 angeielewa bila mkalimani. Moto hamna humo. Wangeandika kwenye fomu "matetemeko" ningewaunga mkono, tatizo matetemeko hayamo kwenye yale majibu matano.

Juno, chombo kingine cha NASA, ilipita karibu na Io mara mbili, tarehe 30 Desemba 2023 na tarehe 3 Februari 2024, kilomita 1,500 tu kutoka juu ya ardhi, na ikaonyesha ziwa la Loki lina sehemu laini kama kioo, zinarudisha mwanga wa jua. Bakuli lipo na limejaa.

Kwa hiyo angeenda wapi, kama sio Io? Kanuni zenyewe zinajibu. Callisto, wa nne katika ile miezi minne ya Mshtarii, umetengewa hadithi za watu wa kaskazini ya mbali, Wanorse, Wainuiti na majirani zao, na huko haulizwi mtu kazi yake, ukiwa wa kaskazini unaingia. Loki angepita bila kupindishiwa chochote. Nikaipitia orodha ya kreta za Callisto mstari kwa mstari nione nani kapelekwa huko, nikafika herufi S, na yupo. Sigyn. Kreta ya kawaida tu, barafu na mwamba, mahali ambapo hapatetemeki. Kutoka alipo hadi kwa mumewe, hata siku miezi hiyo miwili inapokuwa karibu kabisa, ni zaidi ya kilomita milioni moja na laki nne. Bakuli limebaki Io.